Mahali Pakavu Kuliko Pote

Mshale ulikuwa kwenye sitini na nane. Niligonga kioo cha kipimo kwa ukucha nikidhani umekwama, ukatikisika kidogo ukarudi palepale. Sitini na nane! Ndani ya kisanduku nilichokifunga mwenyewe Jumapili, mshale ukiwa arobaini na mbili.

Asiyefanya kazi yangu ataona natia chumvi, kwa hiyo nieleze. Mimi ni mpiga picha, na kitu ninachokiogopa kuliko mwizi ni unyevu. Hewa ikijaa maji, ukungu huota ndani ya lenzi, kwenye kioo chenyewe. Huanza kwa nyuzi nyembamba nyeupe zinazotambaa polepole, na zikishakula kioo, hata ukisafisha alama inabaki. Nyumba yetu nayo ina ukuta mmoja unaotoa jasho mvua zikianza tu. Viatu vinaota manyoya kabatini. Basi vifaa vyangu nahifadhi kwenye kisanduku cha plastiki kinachoonyesha ndani, chenye mpira kwenye kifuniko na vibanio vinne, na ndani yake naweka kipimo cha unyevu pamoja na mfuko wa vishanga vya kufyonza maji. Vikiwa vikavu vina rangi ya buluu. Vikishiba maji vinageuka waridi. Kila Jumapili asubuhi navikaanga kwenye kikaango cha zamani, moto mdogo, hadi buluu irudi. Mke wangu ni mshonaji na ulimi wake ni mkali kuliko mkasi wake. Huwaambia majirani kwamba mume wake anapika mara moja tu kwa wiki, na siku hiyo anapika mawe.

Acha wacheke. Sheria yangu ilikuwa moja: kisanduku hakifunguliwi ila Jumapili; kazini natumia kamera za studio.

Na safari hii sikuwa nalinda mali yangu tu. Mwenye studio ninayofanyia kazi, aliyenifundisha kushika kamera, tunamwita Fokasi kwa sababu hata akila hufumba jicho moja. Miezi minne nyuma alisafiri kwenda kutibiwa mgongo, akaniachia lenzi yake ndefu aliyoifanyia kazi miaka ishirini. Studio hakutaka ibaki, wenye funguo ni wengi.

"Nikirudi niikute ilivyo," aliniambia. "Ukiweza kuitunza hii, studio pia utaiweza. Nitaandika jina lako mlangoni, chini ya langu."

Miaka kumi na moja nimekuwa nikiupita mlango ule nikisoma jina la mtu mwingine. Fokasi alikuwa anarudi Jumamosi. Siku ile mshale uliponitoa macho ilikuwa Jumatatu.

Nilikagua mpira wa kifuniko, mzima. Nikafuta vibanio, nikakihamisha kisanduku kutoka upande wa ukuta unaotoa jasho hadi juu ya kabati la sebuleni. Kwa mara ya kwanza nikavunja sheria yangu, nikavikaanga vishanga asubuhi ya Jumanne kabla ya kwenda kazini. Mshale ukashuka hadi arobaini na tano. Jumatano asubuhi ulikuwa sabini.

Hapo nikajua kuna mkono wa mtu.

Nyumbani tuko watatu: mimi, mke wangu na mama yangu. Mama alihamia kwetu mwanzo wa mvua, baada ya dada yangu kupata uhamisho wa kazi. Ni mzito wa masikio, anatumia mashine ya sikio, ile ndogo ya kuchomeka, ambayo huwezi hata kuiona kwa sababu mtandio wake haumtoki kichwani. Siku aliyofika nilimwonyesha kisanduku kama mtu anayeonyesha gari jipya. "Mama, nyumba hii imeoza kwa maji, lakini humu ndani ndipo mahali pakavu kuliko pote. Hata kiberiti ukiweka humu kitawaka." Mama alitikisa kichwa kwa heshima, akauliza kama vile vishanga vinaliwa.

Jumatano ile ile, kabla ya kutoka, nilichukua uzi mwekundu wa mke wangu, nikaupitisha juu ya kifuniko, nikaubandika kwa gundi huku na huku. Yeyote atakayefungua ataukata.

"Umeanza upelelezi?" mke wangu akaniuliza, pini zikiwa mdomoni.

"Nauliza tu, wewe hujafungua?"

"Mimi na mawe yako wapi na wapi? Na usiniangalie hivyo. Kama unataka kumuuliza mama yako, muulize mama yako."

Sikumuuliza. Jioni uzi ulikuwa mzima, nikapumua. Alhamisi asubuhi mzima pia, lakini mshale haukushuka. Usingizi wenyewe ulikuwa umeniruka. Kazini nilipiga picha za pasipoti za watu wanne, wote nikawakata masikio.

Mvua kubwa ilinirudisha nyumbani saa tisa mchana, mapema kuliko kawaida. Nilivua viatu mlangoni, nikaenda moja kwa moja kabatini. Uzi mwekundu ulikuwa unaning'inia vipande viwili. Mshale, sabini na nne.

Mke wangu alikuwa amepeleka nguo kwa mteja. Mama alikuwa jikoni peke yake, amenipa mgongo, anapanga vikombe. Damu ikanichemka hadi kwenye macho. Nilimzunguka nikasimama mbele yake.

"Nani amefungua kisanduku changu?"

Alinitazama usoni bila neno.

"Mama, nauliza! Kimefunguliwa leo, na humu ndani ulikuwa wewe tu. Kuna lenzi ya watu mle! Keshokutwa mwenyewe anakuja. Miaka kumi na moja ya kazi yangu iko mle, na wewe unaenda kuchokorachokora!"

Hakujibu. Kunyamaza kwake ndiko kulinimaliza kabisa. Angekana, angelia, angeniambia nishike adabu, pengine ningejizuia. Lakini alisimama tu na kikombe mkononi, macho yake hayakutoka kwenye uso wangu, nami nikasema neno ambalo hadi leo nikilikumbuka mwili unanisisimka.

"Bora usingekuja hapa. Tangu uingie nyumba hii hakuna kilichobaki salama."

Mama akaweka kikombe chini taratibu.

"Mvua imekushika, mwanangu," akasema. "Kaa nikumiminie chai."

Niliondoka pale karibu nipasuke. Nikashusha kisanduku mezani, nikafungua vibanio vyote. Vishanga vilikuwa waridi tupu. Nikatoa kamera moja, nikatoa ya pili, nikatoa mkoba wa betri, na nyuma ya mkoba ule, kwenye kona ambayo kutoka nje huwezi kuiona, vidole vyangu vikagusa kitu cha baridi.

Kilikuwa kitambaa cheupe kilichokunjwa vizuri, kibichi, kimetoka kufuliwa hakijakauka. Nilipokifungua nikaikuta mashine ya sikio ya mama.

Nilikaa kwenye kiti. Nilielewa yote mara moja, na kila nililolielewa lilikuwa baya kuliko la kabla yake. Mashine yake ya kwanza iliharibika kwa unyevu kwa dada, na fundi alimwonya kwamba hii ya pili, akiivua, ailaze mahali pakavu. Mahali pakavu nilimwonyesha mimi mwenyewe, kwa majigambo. Alikuwa anaivua kila mchana anapokwenda kujinyoosha, na mara nyingi haivai tena hadi alfajiri. Siku nyingine hajinyooshi mchana, kama Jumatano ile, analala nayo sikioni, na kisanduku hakiguswi hadi mchana unaofuata. Jumapili ninapofungua mimi, tayari iko sikioni na kitambaa kimetoka, na wiki za nyuma mshale ulipopanda kidogo niliilaumu mvua. Na kwa kuwa aliniona navifuta vitu vyangu kwa vitambaa safi, hakutaka kunichafulia kisanduku. Alikuwa anafua kitambaa chake kila siku. Mvua hizi hata leso haikauki siku mbili, naye anakifungia mle ndani kikiwa kibichi.

Halafu nikakumbuka jikoni, nikaona mwanga. Sikio lake lilikuwa hapa, mkononi mwangu. Hakunisikia! Nilishukuru, naona aibu kusema nilivyoshukuru. Neno lile lilikuwa limepotea hewani.

Ndipo nikachukua lenzi ya Fokasi, nikaiwashia tochi kwa nyuma. Pembeni mwa kioo cha ndani kulikuwa na nyuzi tatu nyeupe, fupi, zimekaa kama nywele za mtoto. Nilizima tochi, nikawasha tena. Zilikuwa palepale.

Jioni ile nilimpatia mama chupa yenye mfuniko wa kubana, na vishanga vyake mwenyewe ndani, nikamwambia kwa upole kwamba kitambaa lazima kiwe kikavu. Aliitikia. Wala hakuuliza kwa nini, nami sikumweleza.

Jumamosi Fokasi akaja na fimbo, mgongo umenyooka, jicho moja limefumbwa kama kawaida. Mke wangu alimkaribisha, mama alikuwa kwenye kiti chake karibu na dirisha, safari hii sikio likiwa sikioni. Fokasi hakugusa hata maji. Alitoa tochi yake mfukoni, akaiinua lenzi, akaizungusha polepole mbele ya mwanga. Nilisikia saa ya ukutani kuliko siku zote. Mkono wake ukasimama.

"Kuna ukungu," akasema.

"Upo, mwalimu."

"Hii haikufungiwa pakavu. Kuna kitu cha maji kiliwekwa nayo. Nani aliweka?"

Mama akashika mkono wa kiti, akaanza kuinuka. "Baba, ni mi..."

"Ni mimi," nikasema kwa sauti ya kumfunika. "Niliweka kitambaa kibichi. Sikuangalia."

Mke wangu akageuka akanitazama, midomo wazi. Fokasi naye alinitazama kwa muda mrefu, na nadhani alikuwa anasubiri niongeze neno, nijitetee, nimtaje mtu. Kumtaja kulikuwa rahisi sana. Ulimi ulikuwa mkavu, nikaubana kwenye meno.

"Nilikufundisha mimi," akasema hatimaye, kwa huzuni zaidi ya hasira. "Kosa la siku ya kwanza kabisa. Na mtu wa miaka kumi na moja."

Akaifunga lenzi kwenye kitambaa chake, akaitia mkobani. Mlangoni alisimama.

"Mambo ya jina tutaongea siku nyingine."

Sauti ya fimbo yake niliisikia hadi mwisho wa uchochoro. Mke wangu aliingia chumba chake cha kushonea akaufunga mlango, na cherehani haikulia. Nilibaki nikirudisha kamera zangu kisandukuni moja moja, ili mikono ipate cha kufanya.

Mama akaja akasimama karibu yangu.

"Kwa nini umesema ni wewe?"

"Ni mimi niliyekuonyesha pa kuweka, mama."

Halafu akafungua mtandio, akaivua mashine, akaifuta kwa ncha ya mtandio mkavu, akaniwekea kiganjani.

"Iweke wewe kwenye ile chupa yake," akasema. "Mimi nisije nikafunga vibaya. Na ukiwa na la kuniambia, simama hapa mbele, usiogope. Miaka tisa sisikii vizuri, mwanangu. Nasoma midomo. Hata juzi jikoni nilikuwa nasoma."