Kizibo cha Chini ya Filta

Gari lilianza kukohoa kwenye kona ya tatu ya msituni, na Antonia akajua kabla halijazima. Aliijua sauti ile: pampu imevuta upepo badala ya dizeli. Akakanyaga mafuta, gari likajikongoja kidogo, likatetemeka, likanyamaza. Akavuta breki ya mkono. Ukungu ulikuwa umeshuka hadi barabarani, na saa tisa ile ya mchana ilikuwa kama magharibi.

Nyuma, Naisula alikuwa amelala ubavu kwenye godoro. Mimba yake ilikuwa ya kwanza. Muuguzi wa zahanati alikuwa amesema kwa sauti ya chini: afike Karatu leo, damu hiyo si ya kusubiri. Gari la wagonjwa lilikuwa limeenda upande wa Loliondo. Lililopatikana ni hili la Antonia, kuukuu, aliloachiwa na mumewe Josephati waliyemzika kijijini Daa kabla ya Pasaka.

"Mbona tumesimama?" aliuliza Sintamei, mama mkwe wa Naisula.

"Filta, yeyo. Ngoja niangalie," Antonia alisema, akimwita mama kwa Kimaasai.

"Hapa ndipo nyati wanapovukia."

"Najua."

"Nimekwambia tu, usije ukasema hukuambiwa."

Antonia alifungua boneti. Dizeli ilikuwa ikidondoka tone moja moja kutoka kwenye kizibo cha plastiki kilicho chini ya filta, kile cha kutolea maji yanayojichuja kwenye mafuta. Akapitisha kidole. Ufa, mwembamba kama unywele, ulikuwa umezunguka nusu ya kizibo.

Ufa ule aliufanya yeye.

Asubuhi, pale madereva wanapopaki Karatu, alikuwa amebadilisha filta, na Simon anayebeba maharage akamtania mbele ya wenzake: "Mama Eva, kaza vizuri. Hiyo njia itakumwagia nati zote, sisi tuje nyuma tunaokota kama kuku." Wakacheka. Madereva wa njia ile hukaza kila kitu kabla ya kupanda, ndivyo walivyozoea. Naye kwa aibu akachukua plaizi, akakaza hata kizibo. Josephati hakuwahi kukigusa kwa chuma. Alikizungusha kwa vidole viwili, basi. Plastiki ya umri huu, alikuwa akisema, ikaze kama unafunga chupa ya mtoto. Antonia alimshikia tochi miaka yote ile. Alisikia kila mara.

"Damu inatoka tena," Naisula alisema kutoka ndani, polepole, kama anayeomba radhi.

Simu haikuwa na mtandao. Magari ya watalii yalikuwa bado chini kwenye kreta. Kuliacha gari liserereke hadi geti la hifadhi hakuwezekani. Injini ikizima, breki inakuwa ngumu kama jiwe, na upande wa kushoto hapakuwa na kitu ila ukungu na vilele vya miti.

Tawi likavunjika vichakani. Si tawi dogo.

Sintamei akashuka na fimbo yake, akasimama akilipa gari mgongo.

"Yeyo, rudi ndani."

"Fanya kazi yako. Mimi namtazama."

"Unamtazama nani?"

"Fanya kazi yako, Mama Eva."

Antonia hakugeuka. Alijua akigeuka mikono itakataa. Akakumbuka tangi lililotoboka njia ya Digodigo, na Josephati akifinyanga kipande cha sabuni kuliziba.

"Kwenye mfuko wa Naisula wa kujifungulia mna sabuni?"

"Mna sabuni, wembe, pamba, beseni. Sabuni ni ya mtoto."

"Naiomba."

Sintamei hakuondoa macho vichakani. "Chukua. Kwanza tumpate wa kuogeshwa."

Akamega sabuni, akailainisha kwa mate, akaijaza kwenye ufa. Kisha akafungua utepe wa mpira wa tyubu uliofunga dumu la maji, akauzungusha juu ya sabuni. Akivuta kidogo, upepo utaingia. Akivuta sana, kizibo kitakatika mkononi, na Naisula atabaki hapo. Akavuta kwa vidole viwili tu, akaacha.

Akabonyeza pampu ya mkono iliyo juu ya filta. Nayo ilikuwa ya zamani, mpira wake umekauka. Ikazama laini, bila kitu. Akabonyeza tena, taratibu, huku nyuma yake mnyama akipumua kwa pua, pumzi ndefu yenye maji. Mara ya thelathini na kitu, pampu ikaanza kuwa ngumu. Chini, hakuna tone.

Akafunga boneti, akarudi kwenye usukani. Stata ya kwanza ililia bure. Ya pili pia. Ya tatu injini ikashika kwa moshi mweupe, na kitu kizito kikapasua vichaka kukimbia. Sintamei akapanda, akafunga mlango.

"Walikuwa wawili," alisema.

Antonia aliendesha vioo vikiwa wazi, akisikiliza injini kama mtu anavyosikiliza kifua cha mgonjwa. Kila ilipobadili sauti, jasho lilimtoka upya. Walipita geti, wakashuka hadi lami, hadi mlango wa hospitali, na Naisula akaingizwa kwa machela, macho yakiwa wazi.

Mkunga alipekua mfuko. "Pamba ipo, wembe upo. Sabuni iko wapi?"

"Iko kwenye gari," alisema Sintamei.

"Si mkailete?"

"Haitoki."

Mkunga akawatazama, akaingia zake. Antonia alibaki ukutani, mikono ikinuka dizeli, akisikiliza kilicho nyuma ya mlango. Jua lilikuwa limegusa migomba aliposikia mtoto akilia, na baada ya mtoto, sauti ya Naisula akiomba maji. Hapo ndipo alipoketi chini.