Maziwa ya Mgeni

Picha yenyewe ilikuwa nzuri, hilo Chepchumba hakuweza kulikana. Alikuwa amesimama mlangoni pa jiko lake, kitambaa cheupe kichwani, akimpa Micah, meneja wa kampuni ya maji, kikombe cha mursik, maziwa lala ya kibuyuni, kwa mikono miwili, na nyuma yao vilima vya Olenguruone vimefunikwa na ukungu. Wote wawili walikuwa wakicheka. Ubaya ulikuwa katika maneno yaliyoandikwa chini yake.

"Nisomee tena," alimwambia mkaza mwanawe, Naliaka. "Polepole."

Naliaka akasogeza simu dirishani penye mwanga. "'Sisi akina mama wa hapa tumeukaribisha mradi huu kwa mikono miwili. Chemchemi yetu sasa itanywesha Kenya nzima, asema Bi. Chepchumba, mzee wa jamii.'"

"Na hayo niliyasema lini?"

"Hukusema, Mama. Mimi nilikuwa hapo."

"Nilimwambia nini?"

"Ulimwambia, kunywa baba, umelowa."

Na kweli alikuwa amelowa. Gari lao lilikwama kwenye matope mbele ya lango, mvua ikinyesha kwa hasira, na Chepchumba akawaita ndani wote kabla ya kuuliza ni akina nani. Kwao mgeni hupewa maziwa kwanza, habari baadaye. Hata anayekuletea ugomvi anamaliza kikombe ndipo aufungue. Msichana wao mmoja, Lynn, aliyejitambulisha kama mtu wa mawasiliano, alimpendeza sana. Alimpokea sufuria ya moto, akaosha vikombe bila kuambiwa, akamrekebishia kitambaa kichwani kwa vidole vyepesi. "Shosh, naeza kukupiga picha kidogo?" akamwomba kama anayemwomba nyanya yake. Nani angemnyima mtoto kama huyo picha?

Vikombe vilipokuwa vitupu ndipo Micah aliposema shida yao. Kampuni ilitaka kuzungushia chemchemi ua na kuyavuta maji hadi kiwandani, huko chini kando ya barabara kuu, yatiwe kwenye chupa. Chepchumba alimjibu bila kupinda: chemchemi si yake peke yake, na kwa upande wake, hapana. Micah aliinamisha kichwa, akashukuru kwa maziwa, wakaenda zao.

Sasa picha ilikuwa imeenea gazetini, kwenye redio maneno yake yamesomwa, na hata msichana mmoja maarufu wa Nakuru, mwenye wafuasi wengi na ambaye hajawahi kukanyaga Olenguruone, alikuwa ameiweka kwenye ukurasa wake na kuandika kwamba amelia kwa furaha. Kote maneno yalikuwa yale yale, hata nukta hazikuhama. Kampuni ilikuwa imewatumia wote karatasi moja, nao wakainakili. Hakuna mwandishi hata mmoja aliyepiga simu kuuliza.

Ijumaa kungekuwa na baraza. Wenyeji wangeulizwa kama wanakubali, na bila wao kukubali kampuni isingepata kibali. Lakini tayari kila mtu alikuwa amesikia kwamba akina mama wamekubali.

Jirani yake Rahab, aliyemlelea mwanawe Kibii miezi mizima Chepchumba alipolazwa hospitalini, alipita langoni na mtungi wake bila salamu. Chepchumba akamwita. Rahab akasimama, lakini hakugeuza uso.

"Mama Kibii, si ungetuambia tu kwamba ushawapatia chemchemi. Tusingejisumbua kupanga vikao."

"Rahab, mimi sijasema hayo."

"Na unacheka kwa picha hivyo?" Akaenda.

Chepchumba akampigia Lynn, ambaye alikuwa amemwachia namba.

"Shosh! Umeona vile ume-trend?"

"Mtoto wangu, hayo maneno ni ya nani?"

"Hiyo ni quote tu, Shosh. Sisi huandikia watu. Hata mawaziri tunawaandikia. Si ulikubali picha?"

"Picha nilikubali. Mdomo wangu sikukupea."

"Naeza ongea na boss tuitoe kwa website. Kimya kimya."

"Na gazeti? Na redio? Na huyo aliyelia?"

"Hizo zishaenda. Lakini usijali, watu husahau."

"Rahab hatasahau."

"Rahab ni nani?"

Chepchumba akakata simu. Angetaka kumchukia msichana yule, lakini kila akijaribu alimwona ameinamia vikombe, mikono imejaa povu. Wema ule ulikuwa wa kweli, na ndio ulimzidishia hasira. Kampuni ilikuwa imechukua wema wao wawili ikaugeuza chambo.

Ijumaa uwanja wa shule ulijaa. Kampuni ilileta hema, viti, maji ya chupa kwa kila mtu, na bango lenye picha yake na maneno yale yale, refu kumpita yeye mwenyewe. Kiti cha mbele kilibandikwa jina lake. Alikipita, akaenda nyuma walikokaa akina mama. Hakuna aliyesogea kumpa nafasi. Akasimama.

"Sasa mama yetu Chepchumba atatusalimia," Micah akatangaza.

Akaenda mbele. Muturi, mpiga video wa kampuni, akamwelekezea kamera, taa yake nyekundu ikawaka.

"Mimi ni Chepchumba. Maneno yaliyoandikwa kwa hilo bango si yangu."

Muturi akamtazama Lynn. Lynn akamtazama Micah. Micah akapunga kiganja chini, kidogo tu, na taa ikazimika.

"Washa," Chepchumba akasema.

"Mathe, betri imeisha."

"Imeisha ama imeogopa?" mtu akapaza sauti, na watu wakaangua kicheko.

"Basi nitangoja ijae."

Micah akatabasamu kwa shida. "Mama, hatuna muda."

"Ulipokuja kwangu umelowa, nilikuuliza muda? Nilikupatia maziwa kwa sababu ulikuwa unatetemeka. Ukija kesho na baridi nitakupatia tena, na hutaniona nimekunja uso. Lakini usiende kuambia Kenya nzima kwamba kunyweshwa ni kukubaliwa. Nilikwambia hapana ukiwa umeketi kwa kiti changu. Hiyo hapana umeipeleka wapi?"

Lynn alikuwa akitazama viatu vyake. Naibu wa chifu akakohoa, akasema pengine waendelee na ajenda.

Hapo Rahab akainuka kutoka nyuma. Alikuja akikanyaga nguo za watu, hata bila kuomba radhi, simu yake yenye kioo kilichopasuka imeshikwa juu. Akasimama karibu kabisa na Chepchumba. Macho yake yalikuwa mekundu.

"Mimi betri ninayo," akasema. "Anza tena, Mama Kibii. Toka mwanzo, na usiharakishe."

Simu nyingine zikainuka nyuma yake, moja hapa, moja kule. Chepchumba akataja jina lake tena, kwa sauti kubwa zaidi, na mara hii hakuwaangalia wageni.