Bima ya Makochi ya Watu

Theuri alikuwa anakamua ng'ombe simu ilipolia. Aliposoma alichoandikiwa aliiachilia ndoo, na ng'ombe hakuchelewa kuipiga teke. Ada ya bima ya nyumba yake na vilivyomo: shilingi elfu kumi na tisa kwa mwaka. Alisoma tena, safari hii kwa sauti, labda zikisikika zingepungua.

"Huu ni wizi," alimwambia ng'ombe.

Watu wa kijiji chake cha Wamagana wanamjua Theuri. Ni mtu wa kuomba apunguziwe bei ya chumvi. Alikuwa ametarajia elfu sita, saba ikizidi sana, na isingekuwa moto hata hiyo saba asingeiwazia. Lakini mwezi uliopita nyumba ya jirani yake Kingori iliungua mchana kweupe, kisa waya wa umeme uliovutwa hadi banda la kuku, na Kingori akabaki na suruali aliyoivaa. Wanaume walirudi kutoka kuuzima moto, na jioni ile kila mmoja alikuwa akikagua nyaya zake.

Bei ilikuwa mbaya, lakini aliyeituma ndiye aliyemfunga mdomo. Wachuka, wakala wa bima mjini Nyeri, ni shangazi yake Peterson, kijana wa Naro Moru anayemwoa Shiro, binti wa pekee wa Theuri. Alikuja na wageni wa ruracio, siku ya kuzungumzia mahari, akala, akaisifu nyumba, na kabla ya kuondoka akasema bima ya nyumba nzuri hivi ataishughulikia mwenyewe. Sasa utamwambiaje mkwe kwamba ni mwizi? Na kuibiwa huku unacheka nako hakuwezekani, hasa kwa Theuri.

"Muulize amehesabu nini," alisema mkewe Waithira alipoletewa malalamiko hayo.

Alikuwa ghalani, kati ya magunia ya mahindi, ameinamia cherehani yake ya umeme. Shule zilikuwa karibu kufunguliwa na sare zilikuwa zimerundikana hadi magotini. Alikohoa. Vumbi la mahindi halina huruma.

Hapo ghalani si mahali pa cherehani. Mahali pake ni sebuleni, chini ya dirisha, na ilikuwa imekaa hapo tangu Shiro akiwa mtoto wa nasari. Lakini ruracio ilipokaribia, Theuri aliamuru itolewe, na sebule ikapambwa. Makochi ya ngozi na televisheni pana kama mlango vililetwa kwa pikapu kutoka kwa Mwai, kaka yake. Zulia lilikuwa la mke wa mchungaji, na friji ya milango miwili ilikuwa ya kikundi cha akina mama. Hapo hakuna dhambi. Kila boma huku huazima siku ya wageni, na mgeni mwenye adabu haulizi. Kesho yake kila kitu kilirudishwa kwa mwenyewe, isipokuwa cherehani. Hiyo ilibaki ghalani.

"Wakwe wanaweza kuja bila kusema," Theuri alikuwa akirudia kila alipoulizwa.

Sababu yenyewe ilikuwa nyingine, na wote wawili waliijua. Siku ile, mbele ya wazee wa pande zote mbili, Wachuka alimuuliza Waithira anafanya kazi gani. Kabla mama wa watu hajafungua kinywa, Theuri alidakia: "Huyu anapumzika tu. Hii nyumba imejengwa na kahawa yangu." Wazee wakatikisa vichwa kwa heshima. Kahawa ya Theuri! Miaka yote ambayo Shiro alikuwa chuoni, kahawa hiyo ilitosha tu kununua mbolea ya kahawa hiyo hiyo. Mawe, mabati na karo vilitoka kwenye sare za shule. Waithira alichukua sinia la vikombe akaenda jikoni, na wala hakulitaja jambo hilo tena.

Basi Theuri alimwandikia Wachuka, kwa maneno matamu, amweleze hesabu yake. Jibu lilipokuja, kwa Kiingereza cha bima, hakulielewa, naye hakutaka kuonekana mjinga mbele ya mkwe, kwa hiyo alishika njia hadi mjini, kwenye duka la vifaa vya ujenzi la mzee Thakorbhai. Mabati ya nyumba yake yalitoka hapo. Siku hizi mwenye kaunta ni Shivani, mke wa mwana wa mzee, na Theuri alijua kwamba duka lile limekatiwa bima tangu zamani.

Shivani aliisoma simu ya Theuri huku akimpimia mtu mwingine misumari.

"Nyumba ni ya mawe?"

"Ya mawe."

"Madirisha iko na vyuma? Mlango je?"

"Iko. Na mbwa niko naye, mkali."

"Mbwa hawampunguzii mtu bei," alisema Shivani. "Sikia, Mzee Theuri. Usiangalie ile jumla pekee yake. Angalia ni shilingi ngapi kwa kila mia ya bei ya vitu. Nyumba ya mawe inalipiwa kidogo, vitu vya ndani vinalipiwa zaidi kwa sababu vinabebeka. Huyu mama amekufanyia vizuri. Mimi mwenyewe nalipa zaidi ya hivi."

"Ati vizuri? Elfu kumi na tisa?"

Shivani aliendelea kusoma, kisha akaanza kucheka, akaweka misumari chini.

"Makochi ya ngozi, watu saba. Friji ya milango mbili. Hii televisheni hata sisi hatuna! Kumbe wewe ni tajiri hivi, na kila siku unaniomba nikupunguzie bei ya bawaba?"

Theuri alihisi masikio yakiwaka. Wachuka alikuwa ameiangalia sebule ile kwa jicho la kazi, akakumbuka kila kitu, akakipa bei yake ya haki. Ada ilikuwa ya haki kabisa. Vitu ndivyo havikuwa vyake.

"Na kama... kama kitu kingine hakiko hapo?" aliuliza, akiifikiria cherehani.

"Hakiko kwa karatasi, hakilipwi. Na hivi viko kwa karatasi, siku ya moto watu wa bima watataka kuona hata majivu yake. Utawaonyesha?"

Theuri aliaga bila kununua chochote, na bila kuomba punguzo, jambo lililomfanya Shivani amsindikize kwa macho hadi nje.

Alipofika nyumbani hakuingia ndani. Alisimama uani akautazama waya aliouvuta kwa mikono yake mwenyewe, kutoka dirisha la jikoni, juu ya kamba ya nguo, hadi ghalani. Ghala ni la mbao. Ndani kuna magunia, kuna vitambaa, na kuna Waithira kuanzia asubuhi. Aliushika ule waya pale unapoingilia ubaoni. Ulikuwa wa moto. Theuri aliona aibu, na si ile ya kuogopa wageni. Siku zote hizo alikuwa akihangaika kuwakinga na moto makochi ya Mwai, na mkewe amemweka kwenye kuni.

Alimweleza Waithira yote, pamoja na kicheko cha Shivani. Waithira alimsikiliza bila kuacha kushona.

"Basi mwambie Wachuka ukweli."

"Nimwambie aje? Ati nilimdanganya mbele ya wazee? Wakisema sisi ni watu wa uongo, na Shiro je?"

"Shiro haolewi na makochi, Baba Shiro." Hapo aliondoa mguu kwenye kanyagio. "Na usifikirie ni Wachuka pekee yake anangoja hayo maneno. Hata mimi nimengoja. Ulisema napumzika. Mimi!"

Alisema hivyo bila kupaza sauti, akainama tena. Theuri angependelea atukanwe.

Jumamosi Wachuka alikuja, kwa kuwa Theuri alimwita. Njia nzima ya kutoka kwenye lango Theuri alitembea nyuma yake akitafuta maneno, na hakuyapata. Wachuka alisimama mlangoni, akaviona viti vya mbao vyenye vitambaa vya kufumwa, akaiona na ile televisheni ndogo pembeni.

"Vitu ni vya watu," alisema Theuri. "Tuliazima siku yenu. Ile yote uliandika, si yetu."

Wachuka alikaa kwenye kiti cha mbao, akaweka mkoba wake magotini. Theuri akaanza kuiona mahari ikirudi Naro Moru na binti yake akibaki analia.

"Baba Shiro," alisema Wachuka hatimaye, "kwa hii kazi watu huniambia niongeze. Wanaibiwa redio, wananiambia niandike piano. Wewe ndiye wa kwanza kuniita nitoe." Akafungua mkoba. "Kuazima si neno, sisi wote tunaazima. Sasa nionyeshe yenye ni yenu. Tuanze na gani?"

Theuri hakumwonyesha chochote sebuleni. Alimpitisha jikoni, akamtoa nje, wakafuata ule waya hadi ghalani. Cherehani ilikuwa ikinguruma, na Waithira alipowaona alishtuka, akaanza kukung'uta vumbi kwenye leso yake ya kichwani.

"Andika hii kwanza," alisema Theuri.

Wachuka aliitazama cherehani, akazitazama sare, kisha akamtazama Waithira kwa muda mrefu. Bila shaka alikumbuka lile neno la kupumzika.

"Hii ni ya biashara," alisema. "Inalipiwa kando, na bei yake iko juu kuliko ya viti. Na haiwezi kaa hapa. Hapa sitaandika."

"Itarudi ndani. Andika."

"Hutaki kwanza kujua ni ngapi?"

"Andika tu, mama."

Waithira aligeuka akamtazama mumewe. Katika ndoa yao yote hakuwahi kumsikia akinunua kitu bila kuuliza bei.

"Sawa. Mwenye mashine ni nani?"

"Ni Waithira," alisema Theuri. "Na kwa nyumba pia, weka jina lake mbele. Ni hii mashine ilijenga. Kahawa yangu haijajenga hata choo, na utawaambia wale wazee ni mimi nimesema."

Wachuka aliandika. Waithira alizima cherehani, akasimama, akanyoosha mgongo. Macho yalikuwa yamemjaa machozi, na hakuyaficha.

"Basi chomoa hiyo waya," alimwambia mumewe, "uishike mashine huku pande nzito. Nataka dirisha yangu."