Mchanga Ndani ya Taa

Kitu cha kwanza nilichokiona kilikuwa mchanga ndani ya kioo cha taa, juu darini. Mchanga wa ufukweni, mweupe, na kipande cha kombe katikati yake. Kuta zilikuwa na rangi mbichi, inayonata mkononi.

"Umeganda nini, mdogo wangu? Shika ufagio," alisema dada. Alikuwa ameuza cherehani yake apange chumba kile afungue mgahawa. Mimi nilikuja kumshikia mtoto.

"Hapa mtabembelezwa na mawimbi," alisema mwenye nyumba. Tulimwita Mama Funguo kwa jinsi zilivyomlia kiunoni. Yeye mwenyewe alikaa mlimani.

Mchana nilitumwa samaki. Mji ule zamani ulikuwa kijiji cha wavuvi, na wavuvi waliobaki walikuwa na mtindo wao: wakimaliza kazi, waliburuta mitumbwi hadi mlimani, wakaifunga kwenye nguzo za nyumba kama mbuzi. Dada alisema wanaogopa wezi.

"We bubu, umefikia wapi?" aliniuliza muuza samaki, maana nilichagua kwa ishara tu.

Nikaonyesha kwa kidole. Kisu chake kikasimama kwenye magamba.

"Kwa Mama Funguo? Kule chini?"

Mwenzake akamkanyaga mguu. "Mfungie samaki wake, shoga. Huo mdomo utatufukuzia wageni."

"Si nimeuliza tu, jamani!"

Akaniongezea samaki mmoja mkubwa, bure, na hakunitazama tena.

Jua lilipoanza kushuka, majirani wakapita na magodoro vichwani, wakipanda mlima. Hakuna aliyekimbia. Walitaniana kama watu wanaotoka shambani.

"Jamani, mnahama?" dada aliwauliza.

"Aa, joto tu," alijibu mama mmoja, na huku amejitanda khanga mbili kwa baridi. Akamwangalia mtoto wetu, akaongeza mwendo.

Dada akacheka, akaingia ndani, akamlaza mtoto. Nilibaki mlangoni. Bahari ilikuwa imerudi nyuma mbali zaidi kuliko mchana, na yale mawimbi ya kutubembeleza hayakusikika hata moja.

Tangu utotoni dada ndiye msemaji, mimi mfuataji. Niliitazama tena taa.

"Dada," nilisema, "maji yaliwahi kufika darini. Mbebe mtoto. Mimi silali hapa, na wewe hulali."