Beberu wa Shemeji Rubeni

Mwaka ule wa kuhamia vijiji vya ujamaa nilimshinda shemeji yangu Rubeni katika mahakama ya mwanzo. Marehemu mume wangu aliniachia shamba dogo la maharage hapa Mlola, na Rubeni, mdogo wake, alikuwa amehamisha masale, mimea yetu ya kuonyesha mpaka, hatua saba, nilizipima kwa miguu yangu. Hakimu aliamua masale yarudi, tena Rubeni anilipe gharama za kesi.

Sikulijua vizuri neno hilo. Karani akanieleza kwamba gharama si faini, wala si fidia ya maharage. Ni kile nilichotoa ili kesi iende: ada ya kuifungua, nauli ya basi kwenda Lushoto na kurudi, mimi na shahidi wangu Klara, mara tatu, na chai yetu na maandazi. Akaandika shilingi arobaini na nane.

Hela hizo nilizikopa kwa Bakari mwenye duka, nikamwekea rehani mtamba wangu mwenye baka jeupe shingoni, akamfunga nyuma ya duka lake. Siku ya gulio la mwisho wa mwezi ikipita sijalipa, mtamba ni wake. Basi sikutulia. Mbwa akibweka natoka uani, nikidhani Rubeni kaleta hela. Mboga naitia chumvi mara mbili.

Ikawa gulio ni kesho. Rubeni akaja na beberu, pamoja na baba yao mkubwa, Mzee Danieli, na wazee wawili. Nikawaamkia, nikawapa vigoda. Mzee akasema Rubeni amekubali kosa, tule, yaishe. Kwetu mbuzi wa hivyo akishaliwa na pande zote mbili, hakuna anayelitaja tena jambo lile, wala deni lake. Rubeni alishamfunga beberu miguu, ananoa kisu kwenye jiwe langu la mlangoni.

Niliingia jikoni, nikatoka, nikaingia tena. Nikikataa, ukoo utasema sitaki amani. Nikikubali, mtamba kaenda. Beberu alipolia nikatoka na mwiko mkononi.

"Shemeji, ngoja. Huyu ni wa ugomvi, nashukuru. Gharama za kesi ziko wapi?"

"Si hizi hapa, zina pembe."

"Karani kaandika nauli. Mimi na Klara tulipanda basi, hatukupanda mbuzi."

Mzee Danieli akakohoa muda mrefu, nadhani alificha kicheko. Akamuuliza Rubeni kama ana hela. Hana. Akamwambia amfungue mbuzi miguu, akawe malipo.

Tukamburura mpaka dukani kwa Bakari, mimi na Rubeni. Bakari akampapasa mbuzi mbavu, akatuacha tusimame huku anapimia watu mafuta ya taa, mwisho akasema bei yake haifiki arobaini na nane. Rubeni akarudi kwake, akaleta nusu debe la maharage. Nilijua yameota wapi. Bakari alipoyapokea, nikafungua kamba ya mtamba wangu.

Nyumbani wazee walikuwa bado wanangoja, na njaa. Nikachinjisha jogoo. Mzee Danieli alinung'unika kwamba hajawahi kuona amani ya kuku, lakini akanipa mimi kipande cha kwanza, cha pili akampa Rubeni. Rubeni akakitazama tu. Nami nilikishika changu sijakiuma, sikio liko kwa mtamba zizini.

"Kula, shemeji," nikamwambia. "Huyu hadaiwi nauli."

Akatafuna. Ndipo na mimi nikauma.