Chati ya Bi Mkubwa

Katika miaka thelathini na mbili ya kuendesha lori, Dereva alisema uongo wa kila namna. Aliwadanganya askari kuhusu mwendo wake, akamdanganya tajiri wake kuhusu pancha, na kwenye mizani ya barabarani alikuwa na sura ya unyenyekevu ambayo, kwa maneno ya wenzake, ilipunguza tani mbili. Hakuna hata mmoja uliomkosesha usingizi. Uliokuja kumkosesha usingizi aliusema akiwa ameshastaafu, amevaa kandambili, jikoni kwake mwenyewe, na ulikuwa tarakimu moja tu.

Paka wa nyumba ile aliitwa Bi Mkubwa. Alikuwa na miaka kumi na sita, rangi ya majivu, na tabia ya kumkazia mgeni macho mpaka mgeni aanze kujieleza. Aliyemleta ni binti yao wa pekee, ndani ya mkoba wa shule, na sasa binti mwenyewe alikuwa mama wa watoto wawili na aliishi mbali. Dereva alipenda kuwaambia watu kwamba ana wake wawili, na mkubwa ndiye mwenye sharubu. Yule asiye na sharubu aliitwa Sista na kila mtu, pamoja na mumewe, kwa kuwa alikuwa muuguzi wa chumba cha upasuaji na alibakiza mwaka mmoja kazini.

Miezi mitatu nyuma Bi Mkubwa alipasuliwa uvimbe kwenye chuchu za upande wa kushoto. Alipona kwa taabu. Wiki mbili alizunguka na kola ya plastiki shingoni, akigonga kila mguu wa kiti, na alipolala aligeukia ukuta kama mtu aliyeaibishwa mbele ya wakwe. Ndipo Sista alipoleta nyumbani kitu anachokijua. Alichukua karatasi kubwa, akaipiga mistari kwa rula, akaibandika kwenye mlango wa friji: saa, chakula kwa vijiko, maji, choo, dawa. Safu za asubuhi na mchana zilikuwa za Dereva, maana yeye ndiye aliyeshinda nyumbani. Ya jioni ilikuwa ya Sista.

"Andika ulichokiona," alimwambia. "Si unachotaka, si unachodhani. Ulichokiona."

"Sawa, afande," alijibu Dereva, na kwa muda mrefu kweli aliandika alichokiona.

Kisha uvimbe ukarudi, safari hii upande wa kulia. Sista aliupapasa jioni moja akiwa amempakata Bi Mkubwa, akaenda kunawa mikono kwa muda mrefu kuliko mikono ilivyohitaji. Tangu hapo roho yake ilikuwa juu juu. Alipiga simu mara tatu kwa siku, katikati ya mgonjwa mmoja na mwingine, akiuliza neno moja: "Amekula?"

Jumanne moja Bi Mkubwa alikula kijiko kimoja kati ya vinne, akajilamba mdomo kwa adabu, akaondoka zake. Simu ikalia. Sauti iliyotoka humo ilikuwa nyembamba, imekazwa, nayo ni ya mwanamke ambaye kazini hushika mkasi wa damu huku akiongelea bei ya viatu. Dereva hakuistahimili.

"Amekula vyote," alisema. Akasikia upande wa pili mtu akishusha pumzi, na yeye mwenyewe akapata raha kubwa. Akaenda kwenye friji, akaandika nne. Vijiko vitatu vilivyobaki alivirusha nje ya dirisha, vikaangukia kwa paka wa jirani.

Alijiambia kesho Bi Mkubwa atakula na hesabu itakaa sawa. Kesho yake alikula nusu kijiko. Dereva akaandika nne tena, maana ukishaandika nne jana, utaandikaje nusu leo? Zikapita wiki tatu. Jioni, Sista alipoona paka anagusagusa tu sahani, alisema bila shaka mchana alishashiba, akaandika kidogo alichokiona kwa moyo uliotulia.

"Huyu paka wa jirani siku hizi anapewa nini?" aliuliza siku moja, akichungulia dirishani. "Amekuwa kama mto wa kochi."

"Labda ana mimba," alisema Dereva.

"Ni dume, Dereva."

Alhamisi alasiri walimpeleka Bi Mkubwa kwa daktari wa mifugo, kijana mpole aliyekunja mikono ya koti. Chumba kilikuwa kidogo, kina meza ya chuma, dirisha moja na picha ya meno ya mbwa ukutani. Daktari alimweka Bi Mkubwa kwenye mizani. Dereva aliijua mizani maisha yake yote, na hakuwahi kuiogopa kama ile ndogo ya plastiki. Ikasoma kilo mbili na gramu mia nane. Kabla ya upasuaji wa kwanza alikuwa na tatu na nusu.

"Amepungua sana," alisema daktari. "Anakula?"

Sista alifungua mkoba wake akatoa chati, imekunjwa mara nne. Aliifungua juu ya meza ya chuma kama mtu anayetandika kitambaa cha wageni.

"Mama, laiti wateja wangu wote wangekuwa kama wewe," daktari alisema, akifuata safu kwa kidole. "Vijiko vinne asubuhi, vinne mchana. Basi tatizo si tumbo. Anakula vizuri na bado anakonda, maana yake ni huu uvimbe unamla. Mimi ningeutoa. Tena mapema, kesho saa tatu."

"Na umri wake?"

"Hapo ndipo chati yako imenipa moyo. Paka mzee asiyekula siwezi kumlaza mezani. Hiyo dawa ya usingizi hataihimili, atalala asiamke. Lakini huyu ana hamu ya chakula, mwili bado una nguvu. Akitoka salama, anaweza kupata miezi sita, hata mwaka."

"Binti yetu anakuja na watoto mwezi wa nane," alisema Sista. Hakumwambia daktari, aliiambia karatasi.

Daktari akatoa fomu ya ridhaa. Dereva alimtazama Bi Mkubwa, na Bi Mkubwa akamtazama yeye kwa yale macho ya kumfanya mtu ajieleze.

"Daktari," alianza.

"Naam, mzee?"

Wote wawili walimgeukia. Uso wa Sista ulikuwa na kitu ambacho hakukiona kwa wiki nyingi, tumaini, na maneno yote yakamkimbia.

"Choo kiko wapi?"

Alisimama humo chooni mbele ya sinki akiwa hana haja yoyote. Alijitazama kwenye kioo, akajiita majina ambayo madereva huitana kwenye njia panda. Alijipa moyo, akajikaza, akatoka akiwa tayari kusema. Sista alikuwa anarudisha kalamu mfukoni. Sahihi ilikuwa imeshawekwa, nzuri, yenye mkia.

Njiani hakusema. Walipofika nyumbani hakusema. Usiku alihesabu mizunguko ya feni. Alijua kwamba akinyamaza mpaka saa tatu na paka afe mezani, hakuna mtu duniani atakayejua. Sista atalia, daktari atasema umri, na yeye atapewa pole kama wengine. Hilo ndilo lililomtisha kuliko yote, kwamba lilikuwa jambo jepesi hivyo.

Asubuhi Sista alikuwa ameomba ruhusa kazini. Saa moja na nusu alikuwa jikoni anatandika taulo safi ndani ya kikapu. Bi Mkubwa alilala chini ya dirisha, mahali jua linapoanzia. Sista alikwenda kwenye friji, akaandika kwenye chumba cha mwisho cha chati: *amefunga, upasuaji*.

"Maskini mama wa watu," alisema. "Atakuwa na njaa huyo. Mtu umezoea vijiko vinne."

Dereva aliweka kikombe chini.

"Hajazoea," alisema.

"Nini?"

"Vijiko vinne. Hajazoea. Sista, huyu paka hali. Wiki tatu sasa hali. Mimi ndiye niliyekuwa naandika."

Sista hakugeuka. Mkono wake ulibaki kwenye mlango wa friji.

"Na chakula?"

"Nilimpa wa jirani."

Dereva alitamani Sista apige kelele. Angepiga kelele, angejua pa kushika. Lakini Sista aliongea polepole, kwa sauti ile anayowasemesha madaktari wapya wanaotaka kumshona mgonjwa kabla vitambaa vya kufutia damu havijahesabiwa.

"Kwa hiyo saa tatu ningempeleka akafie mezani. Kwa sahihi yangu. Na ningeamini ni bahati mbaya."

"Ndiyo."

"Ungeniacha nimpeleke?"

"Sijui," alisema Dereva, na macho yakamjaa machozi. "Ningesema sivyo, lakini nimeshasema uongo wa kutosha. Nilikuwa naiogopa sauti yako, Sista. Ile ya kwenye simu. Siku ya kwanza nilitaka tu upumue. Baada ya hapo sikujua pa kurudia."

Saa ya ukutani ilifika saa mbili kasoro dakika kumi. Sista aliibandua chati, akaja nayo mezani, akavuta kiti. Akatoa kalamu nyekundu kwenye mkoba.

"Kaa," alisema. "Jumanne ile. Asubuhi."

"Kijiko kimoja."

Akaikata nne kwa mstari, akaandika moja. "Mchana."

"Kimoja na nusu. Kile cha pili alikitema."

"Jumatano."

"Nusu. Mchana hakugusa."

Waliendelea hivyo. Dereva, mtu ambaye hutafuta miwani akiwa ameivaa, hakukosea hata chumba kimoja. Alijua siku paka aliyokula baada ya kupashiwa chakula moto, siku aliyokula kwa kidole cha Dereva, siku aliyotapika na Dereva akafuta sakafu mara mbili ili isinuke. Sista aliandika bila kuinua kichwa, na zile nyekundu zikateremka kutoka moja hadi nusu, kutoka nusu hadi sifuri, na sifuri zikaanza kufuatana.

"Juzi asubuhi."

"Alinusa tu."

"Jana."

"Nilimwekea sahani. Alinitazama."

Kalamu ilisimama. Sista aliandika hilo pia, *alimtazama*, kisha akaisukuma karatasi mbali kidogo, kama anavyofanya kazini kabla ya kumkabidhi mgonjwa kwa zamu nyingine. Aliitazama yote kwa pamoja, kutoka juu mpaka chini.

"Mgonjwa mwenye chati hii," alisema, "ningemzuia daktari mlangoni."

Akachukua simu.

"Daktari, shikamoo yako nitaipokea baadaye. Chati niliyokuonyesha jana ilikuwa na makosa. Hapana, usiulize ya nani, ni makosa ya nyumba. Wiki tatu hajala cha maana. Ndiyo. Nilidhani utasema hivyo." Alisikiliza kwa muda mrefu. "Basi tupe dawa ya maumivu tu. Na siku ikifika, uje wewe hapa. Sitaki afe kwenye chuma."

Alikata, akapiga nyingine.

"Mwanangu, usingoje mwezi wa nane," alisema, na hapo ndipo alipolia.

Dereva hakujua kama anaruhusiwa kumshika bega. Alitoa taulo kwenye kikapu, akalitandika pale kwenye jua, akamhamishia Bi Mkubwa juu yake. Alikuwa mwepesi kiasi cha kutisha. Kisha akapasha chakula moto, akachota kijiko kimoja, akapiga magoti na kukiinamisha puani pake. Bi Mkubwa alifikiria. Akatoa ulimi, akalamba, akafumba macho.

Sista alikuwa amesimama nyuma yake. Alimpa kalamu.

"Andika."

"Niandike nini?"

"Unajua."

Karatasi ilikuwa imejaa, ikabidi aandike pembeni, kwa mwandiko wake mbaya wa kujaza fomu za mizigo: *Saa tatu. Amelamba mara moja.* Sista aliisoma, akaisoma tena. Akamnyang'anya kalamu, na mbele ya maneno hayo akaweka sahihi yake.