Siku Kumi na Tisa za Macho Manne

Mtaani walimwita Macho Manne, na utani wenyewe ulikuwa kwamba hakuwahi kuvaa miwani hata siku moja. Jina lilimjia kwa kazi. Alikuwa fundi wa miwani, mwenye duka jembamba lililobanwa kati ya duka la dawa na kinyozi, na sifa yake ilikuwa mkono mtulivu: skrubu ndogo kama chembe ya mchanga aliitia mahali pake huku akipiga soga na mteja.

Siku mwanamume mmoja alipoingia na miwani iliyolegea mkono, Macho Manne alikuwa ameinamia meza na hakuinua uso. Alinyoosha tu kiganja aipokee. Kisha akasikia yule mwanamume akimwambia mtu mwingine, "Keti pale, bingwa wangu, usiniangushie begi."

Bisibisi ikamtoka mkononi.

Alikuwa Kocha. Kipara kimepanuka, tumbo limemtangulia, lakini sauti ni ile ile na filimbi inaning'inia shingoni vile vile. Kwenye benchi aliketi msichana wa miaka kumi na mitatu hivi, kavaa suti ya michezo ya shule ile ile aliyosoma fundi, macho kayagandisha sakafuni. Kocha alimtazama fundi usoni, akatabasamu kama mteja yeyote, akauliza, "Itachukua muda, dada?" Hakumtambua hata kidogo.

"Dakika tano."

Ilichukua ishirini. Skrubu ilimponyoka mara nne. Kila Kocha alipoweka kiganja begani kwa yule mtoto, mtoto alikauka kama gogo, na Macho Manne aliujua ukavu ule. Walipotoka tu alifunga duka, ingawa ilikuwa saa tano asubuhi.

Miaka kumi na mitano nyuma, yeye ndiye aliyeitwa bingwa wangu. Alikuwa na miaka kumi na minne, mkimbiaji wa mita mia nane katika shule ya bweni, na Kocha alimdhulumu kingono muhula mzima. Alipopata ujasiri wa kusema, kesi ilifika mahakamani kisha ikaanguka. Hakukuwa na shahidi mwingine wala vipimo. Lilikuwa neno la mtoto dhidi ya neno la mwalimu mwenye vikombe kabatini. Kocha aliachiwa, akapokewa kazini kwa makofi. Mama akahamisha familia mtaa mwingine, na tangu hapo jambo lile halikutajwa tena nyumbani.

Kesho yake Macho Manne alipanda ngazi za ofisi ya msaada wa kisheria, juu ya duka la viatu. Wakili alikuwa mwanamke wa makamo, suti nadhifu juu, raba chini. Alipoona mgeni wake anazitazama zile raba, akasema, "Viatu virefu navivaa mbele ya jaji tu. Hapa ni kazini."

Alimsikiliza mpaka mwisho bila kumkatiza.

"Lakini alishaachiwa," Macho Manne akasema. "Si ndiyo basi tena?"

"Ile ilikuwa kesi ya jinai, dada. Ilikuwa ya serikali, wewe ulikuwa shahidi tu. Na ili mtu afungwe, jaji asibakiwe na shaka yoyote ya maana. Kuna nyingine, kesi ya madai. Hiyo ni yako. Unamshtaki wewe mwenyewe, na jaji anapima upande upi unaelekea zaidi kuwa wa kweli. Hatafungwa kwa kesi hiyo, nisikudanganye. Lakini mahakama inaweza kutamka wazi kwamba alikutendea, ikamwamuru akulipe fidia. Na shule nayo tunaweza kuishtaki, kama ilijua ikafumba macho."

"Jina langu litatoka gazetini?"

"Tutaomba uandikwe kwa herufi tu. Na yule mtoto uliyemwona jana hasubiri kesi yako. Tunawapigia ustawi wa jamii sasa hivi, kabla hujashuka ngazi."

Walipiga, na Macho Manne akaeleza mwenyewe. Ndipo Wakili alipomuuliza tarehe yake ya kuzaliwa, kisha akainuka kwenda kwenye kalenda ya ukutani.

"Sheria yetu inampa aliyedhulumiwa utotoni miaka kumi na miwili baada ya kufikisha kumi na minane. Ukitimiza thelathini, mlango umefungwa." Kidole chake kilitembea juu ya tarehe, kikasimama. "Una siku kumi na tisa."

Siku tano zilipotea akizunguka na jambo hilo tumboni. Siku ya sita alimwendea mama yake, akamkuta anapiga pasi.

"Unataka tuvuliwe nguo hadharani mara ya pili?" mama akasema. "Watu wamesahau, mwanangu."

"Mimi sijasahau, mama."

Mama aliiacha pasi juu ya blauzi. Moshi ulianza kupanda, na hata hapo hakuiondoa mpaka binti yake alipoivuta yeye.

"Kuna jambo sikukwambia," mama akasema, akiitazama ile blauzi iliyoungua. "Wiki moja kabla ya kesi, Matroni wa bweni lenu alikuja nyumbani. Alisema alimwandikia mkuu wa shule mara mbili kuhusu Kocha, kabla hata wewe hujaingia kwenye timu. Alitaka kuja kusema mahakamani. Nilimfungia mlango. Mkuu wa shule alikuwa ameniambia nisipolikuza jambo, wadogo zako hawatapoteza nafasi zao pale."

Macho Manne hakutukana, hakulia. Alichukua mkoba wake akatoka, na kwa siku nne simu ya mama ililia bila kupokelewa.

Siku ya kumi mama alijitokeza dukani mwenyewe, kajifunga kilemba kama mtu anayekwenda safari. "Najua Matroni anakoishi," akasema pale mlangoni, bila hata kusalimia. "Ukitaka kunichukia, nichukie njiani."

Matroni alikuwa bibi sasa, miguu imevimba, anaishi kwenye chumba cha nyuma kwa mwanawe. Alimtambua Macho Manne hata kabla hajaamkiwa. Alilia. Akakiri yote: zile barua mbili, na lile daftari la kupokelea barua ambamo katibu wa mkuu alisaini kila barua iliyoingia. Lakini alipoombwa kwenda kuapa, akatikisa kichwa.

"Mjukuu wangu anasoma pale pale, wanangu. Karo inapunguzwa kwa sababu nilifanya kazi pale. Nisameheni. Mimi simo."

"Hata mimi nilisema hivyo," mama akamjibu kwa sauti ndogo. "Tazama nilichokinunua kwa kimya kile."

Matroni hakubadilika. Walirudi mikono mitupu.

"Basi tunafungua bila yeye," Wakili akasema. "Shahidi anaweza kuitwa baadaye kwa amri ya mahakama. Muda ukipita, hakuna wa kuurudisha."

Siku ya kumi na tisa walisimama kwenye foleni ya masjala ya mahakama tangu asubuhi. Mfumo wa kompyuta uligoma mara mbili. Saa tisa kasoro robo karani alianza kukusanya vitu vyake, akasema waliobaki warudi kesho. Macho Manne, ambaye maisha yake yote alikuwa mtu wa kupisha wengine, aliweka viganja viwili juu ya kaunta.

"Kaka, kwangu hakuna kesho. Kesho nitakuwa na miaka thelathini."

Karani alimtazama, akasoma ukurasa wa kwanza wa hati, na uso wake ukabadilika. Akaketi tena. Muhuri uligongwa dakika nne kabla ya dirisha kufungwa.

Miezi saba ikapita. Mahakama iliwapeleka kwanza kwenye usuluhishi, katika chumba kisicho na dirisha, meza moja na jagi la maji. Kocha hakuja. Alikuja wakili wa shule, kijana mwenye sauti laini kama mafuta. Akasukuma karatasi mbele. Kiasi kilichoandikwa kingeweza kununua duka lile jembamba na la kinyozi juu yake.

"Shule haikiri kosa lolote," akasema. "Ni ubinadamu tu. Na pande zote zitakaa kimya daima."

"Na Kocha?"

"Atastaafu kwa heshima mwakani."

"Mwakani." Macho Manne alilirudia neno lile taratibu. Wakili wake alimwegemea sikioni akamwambia kwamba uamuzi ni wake, kwamba wengi hukubali na hawana kosa, na kwamba mbele ya jaji anaweza kukosa vyote. Ilikuwa kweli tupu. Macho Manne aliikodolea macho ile karatasi mpaka maandishi yakacheza.

"Kimya nilishakitoa bure miaka kumi na mitano," akasema mwishowe. "Sikiuzi."

Kesi ikasikilizwa faragha. Mahakama iliamuru shule ilete lile daftari; shule ikaapa kwamba lililiwa na mchwa. "Mchwa wasomi hao," Wakili akamwambia jaji. "Madaftari ya miaka mingine yote yapo. Wamechagua mwaka mmoja." Jaji hakucheka, ila aliandika kitu.

Kisha ikafika zamu ya Macho Manne kuhojiwa na yule mwenye sauti laini.

"Miaka yote hiyo ulikuwa wapi? Ulizinduka uliposikia kuna fidia?"

Kocha alikuwa hatua sita kutoka kwake, miguu ameikunja nne. Macho Manne alishika ukingo wa kizimba.

"Nilikuwa nafanya kazi. Nalala taa inawaka. Naoga mara tatu kwa siku. Sikuzinduka, mheshimiwa, kwa sababu sikuwahi kulala. Nilikuwa naogopa."

Siku ya pili aliitwa Matroni, kwa hati ya mahakama. Aliingia akiburuza miguu, akaapa, kisha akanyamaza. Wakili alimuuliza swali mara mbili. Kimya. Kocha akatabasamu. Mama alikuwa amejikunja kwenye kiti, kashika mdomo.

"Mama," jaji akamwambia Matroni kwa upole, "umeapa."

Matroni alivuta pumzi iliyosikika chumba kizima.

"Niliandika mara mbili," akasema. "Niliandika kwamba anawaita wasichana stoo mmoja mmoja na kufunga mlango. Mkuu aliniita akaniambia, 'Tunahitaji vikombe, Matroni, hatuhitaji umbea.' Barua ziliingizwa daftarini. Nilisimama pale nikaona zinasainiwa."

Tabasamu la Kocha lilikatika kama uzi.

Hukumu ilisomwa wiki tisa baadaye. Jaji alisema inaelekea zaidi kuliko sivyo kwamba mdai alitendewa alivyosema, na kwamba shule ilionywa ikapuuza. Kocha na shule waliamriwa kulipa fidia, pamoja na gharama za mshauri nasaha kwa muda wote atakaomhitaji. Shule ilikata rufaa, ikaiondoa baada ya miezi miwili. Kocha alikuwa ameshasimamishwa kazi: yule msichana wa suti ya michezo alikaa na maofisa wa ustawi wa jamii wiki baada ya wiki bila kutamka neno, hadi siku moja akatamka. Polisi wakafungua jalada jipya la jinai, na safari hii shahidi hakuwa mmoja.

Siku ya hukumu, Macho Manne na mama yake walikaa kwenye ngazi za mahakama. Wakili alikuwa ameshatangulia, viatu virefu mkononi, anatembea kwa raba.

"Ningemfungulia Matroni mlango siku ile..." mama akaanza.

"Ungemfungulia, yule mtoto asingekutana na Kocha kamwe." Haikuwa sauti ya hasira, lakini haikuwa na msamaha pia. "Bado inauma, mama. Sijui itaacha lini."

Mama aliitikia kwa kichwa. Hakujitetea, wala hakuomba kitu. Akauliza, kwa woga, kama anayemuuliza mgeni, "Ilikuwaje kule shuleni? Sijawahi kukuuliza."

Macho Manne alitazama watu wakipanda na kushuka. Kisha akasogea kidogo, akaanza kumweleza tangu mwanzo.